Mnyaa wa marehemu baba umeleta mtafaruku nyumbani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke niliyeolewa, ninaishi Tanga mjini. Watoto bado hatujajaaliwa. Ninakuandikia kwa sababu ya mti mmoja uliomo ndani ya nyumba yangu. Najua kuna watakaosema ni jambo dogo, lakini kwetu siku hizi hakuna kinachozungumzwa kwa ukali kama mti huo.

Baba yangu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja njia ya kwenda Muheza. Alipoacha kazi alijenga nyumba ndogo akaizungushia ua wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe kama maziwa. Sisi watoto wake tumekulia ndani ya ua ule, tumecheza kombolela kando yake, na mpira ukiangukia kwenye minyaa tulikuwa tunamsubiri baba autoe yeye mwenyewe. Kuvunja hata kijiti kimoja ilikuwa marufuku. Baba alipofariki, kaka zangu waliuza nyumba na kiwanja. Aliyenunua akafyeka ua wote na kujenga ukuta wa matofali. Kabla hajafyeka nilikwenda nikakata tawi moja, nikaliacha kivulini hadi kidonda kikakauka, nikalipanda kwenye ndoo. Sina picha nyingi za baba. Hicho ndicho nilichobaki nacho.

Tunakaa nyumba ya kupanga, ghorofa ya kwanza, Chumbageni. Uwanja hatuna. Kuna kibaraza chembamba cha nje tunachotumia pamoja na jirani kuanikia nguo. Mnyaa wangu umekaa sebuleni miaka yote, sasa unanifika kifuani, na mume wangu hakuwahi kuwa na neno nao.

Mambo yalibadilika wifi yangu alipopata kazi Dar es Salaam. Mama mkwe akaja kuishi nasi pamoja na mtoto wa wifi, ambaye hajatimiza miaka miwili. Mtoto ameshaanza kutembea na kila anachokiona anakipeleka mdomoni. Mume wangu akaamua kuusogeza mti mtoto asiufikie. Alipouinua, tawi likakatika usawa wa uso wake na tone la maziwa likamwingia jichoni. Alinawa kidogo, maumivu yakapungua, akalala. Usiku jicho likavimba, asubuhi akawa anaona ukungu mtupu. Hospitali walimwosha tena, wakampa dawa, na baada ya wiki hivi alipona kabisa, namshukuru Mungu.

Tangu hapo mama mkwe hana lingine. Anasema mnyaa ni mti wa mipaka na makaburi, haukai chini ya dari wanamolala watu. Anasema alisikia redioni kwamba unaleta saratani kwa watoto. Mume wangu ameniambia nichague, ama mti ama amani. Wifi naye amenitumia ujumbe kwamba mwanawe akipatwa na jambo hatanisamehe. Jirani yangu amenishauri niutoe niweke waridi la jangwani, anasema ni zuri zaidi na halina makuu.

Nimeupandisha juu ya kabati. Ninaumwagilia kila asubuhi kama zamani, lakini vijiti vyake vimekuwa virefu na vyembamba, vimepauka, na shina limeanza kulainika chini.

Shangazi, nikiutoa naona nimemtupa baba. Nikiubakiza naonekana sijali mtoto wa watu. Na moyoni nahisi mama mkwe ameupata mti kama sababu tu, anataka nijue kwamba nyumba hii ni ya mwanawe. Nimewaza niuhamishie kwa siri chumbani kwa jirani nikae kimya. Nifanye nini?

Binti wa mkata mkonge, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa na baba, na pole zaidi kwa kuona nyumba yake ikiuzwa na ua wake ukifyekwa. Mpe pole mumeo pia. Maziwa ya mnyaa jichoni ni maumivu makali.

Barua yako nimeisoma nikarudia. Unaniuliza kuhusu mti, lakini ndani yake kuna mtoto anayeanza kutembea, kuna baba ambaye hukupata nafasi ya kumlilia vizuri kabla kiwanja hakijauzwa, na kuna swali la nani mwenye sauti katika nyumba yako. Haya yote yamekutana kwenye ndoo moja. Naomba niyatenganishe, na nitaanza na mtoto kwa sababu yeye hawezi kujisemea.

Mama mkwe wako hajazusha kuhusu hatari. Utomvu wa mnyaa una kemikali zinazounguza ngozi laini. Kwenye mkono huenda ukawashwa tu na kupata vipele au malengelenge. Mdomoni na kooni unachoma, halafu tumbo linasokota, mtu anatapika na kuharisha. Jichoni ndiko kubaya zaidi, kwa sababu maumivu huweza kutulia kwanza kisha hali ikawa mbaya zaidi saa kadhaa baadaye, hadi kuona kukapotea kwa muda. Ndivyo ilivyomtokea mumeo. Kwa hiyo watu wote wa nyumba hiyo walijue hili kwa moyo: maziwa yakiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi bila kusugua, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Yakigusa ngozi, sabuni na maji mengi. Mtoto akitafuna, mtoe vipande mdomoni, msuuze, mpe maji kidogo, usimtapishe, mkimbize hospitali. Kuna watakaokuambia umtilie maziwa ya mama jichoni au umpake kitu fulani. Waitikie kwa adabu, lakini wewe tumia maji.

Hilo la saratani nalo halikutoka hewani, ila redio hufupisha. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza saratani ya taya inayowapata watoto wa ukanda wetu huu wenye malaria nyingi. Baadaye watafiti walipotafuta kinachoisababisha walikuta kirusi cha Epstein-Barr, wakakuta malaria, na wengine wakautazama mnyaa pia, kwa kuwa maabara ilionyesha kwamba utomvu wake unaweza kukiamsha kirusi hicho. Hiyo haina maana kwamba mtoto akikaa chumba kimoja na mnyaa atapata saratani. Lakini ni sababu nzuri ya kutomwacha achezee utomvu wake, na ya kumkatalia yeyote anayetaka kuupaka kwenye sunzua au jino la mtoto.

Sasa nikuulize jambo, na usiniwie vibaya. Unasema umeupandisha juu ya kabati. Je, hatari imepanda nao? Ninavyojua, vijiti vya mnyaa huvunjika kwa kuguswa tu, na kijiti kilichoanguka chini bado kinatoa maziwa. Mtoto wa umri huo haangalii juu, anaokota vilivyo sakafuni. Na ndoo ya plastiki yenye mti mrefu ina uzito juu kuliko chini, anayekimbilia kabati akaligonga anaweza kuiangusha yote. Juu ya hayo, huko juu ya kabati mwanga ni hafifu. Mnyaa ni mti wa jua kali. Ukikosa mwanga hurefuka kwa kuutafuta, matawi yanakuwa membamba na dhaifu, yanakatika upesi zaidi. Kwa kuulinda umeufanya uwe rahisi kuvunjika, na hili hukuweza kulijua kwa sababu ua wa baba yako ulikuwa nje, juani, ukijitunza wenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa nawe kidogo. Unaukumbuka ua ule kama mahali pa usalama, na ni kweli ulikuwa hivyo. Lakini ulikuwa salama kwa sababu baba aliupa sheria. Alikuwa mkata mkonge, mtu ambaye mikono yake ilijua utomvu unaowasha ni nini. Akaupanda mnyaa nje, kwenye mpaka, na akawakataza watoto wenye umri wa kusikia katazo. Sisi watu wa mwambao si wageni wa mimea yenye sumu. Muhogo mchungu tunaula, lakini hatuuli mbichi, na mtoto haachwi peke yake na kikapu chake. Tunaishi na vitu vikali kwa kuvipangia mahali na utaratibu. Kwa hiyo swali ninalokuachia ni hili: mtoto wa wifi yako akiwa bado hana umri wa kukatazwa, baba yako angeupanda wapi mti huu?

Nije kwa mama mkwe. Unahisi anautumia mti kukuonyesha nyumba ni ya nani. Inawezekana. Sikai nanyi, sisikii sauti anayosemea. Lakini jaribu kuangalia siku yake ilivyo. Wewe na mumeo mkitoka, anayebaki na mtoto ni nani? Anayemkimbiza sebuleni, anayeinama kuokota, anayeogopa kulala usingizi wa mchana mtoto akiwa macho? Barua yako inanifanya nidhani ni yeye. Amemwona mwanawe akiamka na jicho lisiloona, kisha akaachiwa mjukuu katika chumba hichohicho. Huenda maneno yake ya makaburi na mipaka ni njia ya mtu mzima kusema «naogopa» bila kulitaja neno hilo. Na kama ni kweli pia kwamba anakunyanyasa kwa mengine, hayo yatafutiwe siku yake, yasiamuliwe kwa mnyaa, maana ukishinda kwenye mti huu utakuwa hujashinda kitu, na ukishindwa utajiona umepoteza kila kitu.

Na hili la kwamba kuutoa ni kumtupa baba. Nimelifikiria sana. Mnyaa haupandwi kwa mbegu kwenye ua, unapandwa kwa vipande. Baba yako alipozungushia nyumba yake, yaelekea aliomba matawi kwa mtu fulani pale jirani. Na kama ua wake ulikuwa mzuri, majirani nao waliomba kwake. Kipande cha mnyaa ni mti uleule ulikotoka, haubadiliki. Mnunuzi alifyeka ua mmoja, lakini huenda mnyaa wa baba yako bado umesimama kwenye nyua za watu wengine njiani Muheza, na wenyewe wanajua waliupata kwa nani. Umewahi kwenda kuwauliza?

Ninalisema hili pia kwa sababu ya shina lako lililolainika. Mwanangu, huo ni uozo. Hewa yetu ya Tanga ina unyevu mwingi, na kumwagilia kila asubuhi mti uliomo ndani, kwenye ndoo ambayo huenda haina matundu, ni maji mengi mno. Mnyaa hunyweshwa udongo ukiwa umekauka kabisa hadi chini, na wakati wa masika unaweza kukaa wiki nyingi bila tone ukiwa ndani. Uozo ukishaingia shinani hupanda juu. Ina maana kwamba mti unaoupigania hauwezi kubaki kama ulivyo hata kama nyumba nzima ingekuunga mkono. Itabidi ukatwe sehemu nzima ya juu, ipandwe upya. Kwa hiyo jambo mnalohitaji kuzungumza ni hivyo vipande viende wapi.

Kuna njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kubakiza kipande kimoja kifupi, kwenye chungu kizito cha udongo chenye tundu, nyuma ya mlango unaofungwa na wenye dirisha la jua, mahali ambapo mtoto haingii kabisa. Kipande kifupi ni imara na hakidondoshi vijiti sana. Lakini mlango unategemea watu wote kukumbuka kuufunga, na mume wako akikubali kwa shingo upande, kila mlango utakaosahauliwa utakuwa ugomvi. Kibaraza cha nje kina mwanga anaoutaka mnyaa, ila unakitumia na jirani, na nguo mbichi za watu wanaoinama kuanika na mnyaa kando si jambo la kufanya bila kumwambia. Je, ana watoto? Ameridhia?

Kisha kuna kuutoa nje ya nyumba kwa muda au kwa kudumu: kwa kaka yako mwenye kiwanja, kwa mmoja wa majirani wa zamani wa baba, au kwenye makaburi ya ukoo kama wazee wanaruhusu. Mama mkwe ameyataja makaburi kama tusi, lakini penye baba yako panaweza kuwa mahali pake. Hasara yake unaijua mwenyewe. Hutauona kila asubuhi, na kaka zako wameshakuonyesha kwamba ardhi huuzwa. Wengine katika hali yako hugawa vipande, kimoja huku na kingine kule, ili kisitegemee mkono wa mtu mmoja. Na muda nao ni njia. Mtoto atafika miaka minne au mitano, umri ambao baba yako aliwakataza ninyi mkasikia. Huenda wifi atamchukua kabla ya hapo. Lakini nanyi mnaomba watoto, na huenda siku hiyo kukawa na mdogo wa kwenu wenyewe.

Njia ya siri inanitia wasiwasi kuliko zote. Siyo kwamba nakushuku. Kuna nyumba nyingine itakayopokea mti wenye sumu bila watu wake kujua huo ni nini, na mumeo akija kuuona huko atajiuliza ni nini kingine usichomwambia. Kama jirani anautaka, aupokee kwa kuelezwa kila kitu nilichokuambia hapa.

Na waridi la jangwani analokusifia jirani yako, ni zuri kweli, shina nene na maua ya waridi. Lakini utomvu wake una sumu inayougusa moyo, na wawindaji wa sehemu mbalimbali za Afrika wameupaka kwenye mishale. Ule mmea mwingine unaopendwa mabarazani, wenye miiba mingi na maua madogo mekundu, nao ni ndugu wa mnyaa na maziwa yake ni yaleyale. Kama mtaamua sebule iwe na mmea mwingine, ulizeni kwanza utomvu wake.

Utakapokata, na naomba isichelewe kwa sababu ya ule uozo, fanyia nje mtoto akiwa amepelekwa matembezi. Vaa glavu, mikono mirefu na miwani, hata ya jua. Tandika magazeti. Kata juu ya sehemu laini, mahali ambapo ndani ni pagumu na peupe, na kama unaona rangi ya kahawia panda juu zaidi. Maziwa yatatiririka, nyunyiza maji baridi kwenye kidonda yapungue. Vipande viache kivulini kama wiki, hadi kidonda kifunge, kisha uvipande kwenye mchanga mwingi na udongo kidogo, usivimwagilie kwa siku za mwanzo. Kisu kioshe kwa sabuni kabla ya kurudi jikoni. Masalio yafunge kwenye mfuko, yazikwe au yatupwe pasipo na watoto wala mbuzi, na usiyachome, kwa sababu moshi wake nao unawasha macho.

Ningependa sana kabla ya siku hiyo ukae na mumeo mkiwa wawili, mama akiwa hayupo. Usianze na mti. Mwambie habari za ua ule, kombolela na mpira uliokuwa unamsubiri baba. Nashuku kwamba yeye anaujua mnyaa kama kitu kilichomuumiza jicho, na hajui kwamba mkewe hakupata nafasi ya kuiaga vizuri nyumba aliyokulia. Naye muulize aliwaza nini usiku ule alipofumbua jicho akaona ukungu. Kisha mwulizeni mama, kwa heshima, yeye anayeshinda na mtoto, ni mahali gani mnyaa ukikaa angeweza kulala mchana bila hofu. Anaweza kusema hakuna. Anaweza pia kutaja pahali ambapo hamkupafikiria ninyi wawili.

Niandikie tena ukishajua ulikopeleka vipande, na kama kuna jirani wa baba njia ya Muheza aliyekuonyesha ua wake.

Shangazi yako